Uzi: Range Rover, Discovery, Prado ama Lexus LX ya mtumba hapa Nairobi, kagua haya kabla hujatoa pesa

Mwana_Kabete:

Habari zenu wadau. Nafungua uzi huu kwa sababu swali ni lile lile kila wiki. Mtu ameona Discovery 4 ama Range Rover Sport kwenye yadi Ngong Road, imeng'arishwa, ngozi ya viti inanukia, bei inakaribia ya gari dogo la familia, naye anauliza, "Fundi, niichukue?"

Gari hilo lilipokuwa jipya lilinunuliwa na watu wachache sana. Thamani yake imeporomoka, ila kompresa, giaboksi na taa zake bado ni za gari la kifahari, na bei ya spea haishuki kwa sababu wewe umelipata kwa bei nafuu. Ndiyo maana mimi sianzi na mwaka wala kilomita. Naanza na aliyekuwa nalo: alilitunza vipi, na ushahidi uko wapi? Yote nitakayoandika hapa ni njia za kuupata ushahidi huo, kwenye karatasi na kwenye chuma.

Karatasi kwanza, maana hapo ndipo wengi huruka. Namba ya usajili haikuambii umri wa gari. KEBS, shirika la viwango la Kenya, huruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka, kwa hiyo gari lenye namba inayoanza na KD linaweza kuwa lilikuwa na miaka saba ama minane siku lilipovishwa hiyo namba. Soma namba ya chesisi. Ya Land Rover huanza na SAL, na alama ya kumi ni ya mwaka wa modeli: D ni 2013, E ni 2014, F ni 2015, G ni 2016. Linganisha iliyo chini ya kioo cha mbele, iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni na iliyo kwenye logbuku. Ikipishana hata herufi moja, usiendelee na mazungumzo.

Kisha ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, fanya upekuzi wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa namba ya gari, uone jina la mwenyewe na kama benki ama kampuni ya mikopo imeandikwa pamoja naye. Usiishie hapo. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili dai lake kwenye sajili ya serikali, nayo pia hupekuliwa kupitia eCitizen. Gari likiwa na dai, deni linalifuata hata likiwa limeegeshwa kwako Rongai. Miaka ya nyuma KRA, watu wa ushuru, waliwahi kunasa bandarini Mombasa magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza, Range Rover zikiwemo, kwa hiyo kama historia ya gari ina pengo, lipeleke kwa wapelelezi wa polisi, DCI, wathibitishe kabla hujalipa hata amana.

Jingine ambalo madalali hawapendi kuulizwa. Discovery 4 iliacha kuundwa mwishoni mwa 2016. Kufikia 2025 mpaka wa KEBS ulikuwa gari lililosajiliwa 2018 kwenda mbele. Mtu akikwambia Disco 4 yake "imeshuka juzi tu kutoka Uingereza", hesabu mwenyewe. Disco 4 zilizoko sokoni sasa zimeshakula barabara zetu, na ni lazima ziwe na historia ya huduma ya hapa hapa. Omba risiti za gereji. Risiti tatu zilizochafuka mafuta zina maana kuliko kitabu cha huduma kilichogongwa mihuri yote kwa wino mmoja.

Sasa gari lenyewe. Nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Kama ina joto, ahirisha hadi siku nyingine, kwa maana injini ya moto huficha karibu kila kitu unachotaka kusikia. Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie dashibodi: taa ya breki za ABS, ya eabegi na ya injini ni lazima ziwake kwanza, kisha ziwe zimezima zote injini ikishawaka. Taa ya eabegi isiyowaka kabisa imezimwa na mtu kwa sababu. Ukiwasha, sikiliza sekunde za mwanzo. Injini ya petroli ya 5.0 V8 ikitoa mlio wa kukwaruza upande wa mbele kabla haijatulia, hiyo ni cheni ya taimingi na vikaza vyake, na zile za 2010 hadi 2012 ndizo zinazojulikana zaidi kwa tatizo hili.

Fungua tangi la kulanti, injini ikiwa bado baridi. Land Rover za miaka hiyo hutumia kulanti ya rangi ya machungwa, Toyota hutumia ya waridi. Ukikuta maji ya kijani, ama maji matupu ya bomba, umeshamjua mwenye gari: alikuwa akijaza chochote kilicho karibu. Injini za petroli za supachaja, ya 3.0 V6 na ya 5.0 V8, zina mabomba ya kulanti ya plastiki ambayo hukauka na kupasuka kwa joto. Moja liko katikati ya injini chini ya supachaja, ambapo huwezi kuliona. Mulika tochi kwenye bonde la injini, utafute ukoko uliokauka, unuse kama kuna harufu tamu. Injini hizi zikichemka mara moja Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni, mara nyingi ndiyo basi.

Sispensheni ya hewa nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowaliza watu. Beba tepu ya fundi. Gari likiwa pahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, uandike. Kama muuzaji anakubali, pima jioni, upime tena asubuhi. Kona moja ikiwa imeshuka peke yake, mpira wa hewa wa hapo ama valvu yake inavuja. Upande wote wa mbele ukishuka, shuku blok ya valvu. Halafu washa injini, uliinue hadi kimo cha porini na kulishusha tena, huku umetega sikio kwa kompresa. Inapaswa kunguruma kidogo na kunyamaza. Ikiunguruma mfululizo hata gari likiwa limesimama, imekuwa ikifidia uvujaji kwa muda mrefu na iko karibu kufa. Kuna waliong'oa mfumo wote na kuweka springi za kawaida. Gari litatembea, ila uwezo wa kupanda na kushuka umepotea, na huo ulikuwa sehemu kubwa ya sababu ya kulinunua. Bei ionyeshe hivyo.

Barabarani, usizungushwe mtaa mmoja na kurudi yadi. Panda nalo hadi Limuru, ulikanyage mlimani, urudi mjini ukae kwenye foleni huku eyakondisha ikiwa imewashwa, macho kwenye geji ya joto. Giaboksi za ZF zilizomo kwenye Range, Disco na BMW hubadilisha gia bila wewe kuhisi. Mtetemo ukiwa kwenye mwendo wa pole, ama teke gari linapokaribia kusimama, uliza mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini. Utaambiwa hayabadilishwi maisha yote. ZF wenyewe hupendekeza yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Na tafadhali, ingiza gia ya chini. Gari likiwa nyutro, lisukumie kwenye mwendo wa pole wa porini, na kwa Land Rover zungusha Terrain Response, ile swichi ya kuchagua aina ya ardhi, kila alama. Magari mengi ya Nairobi hayajawahi kuona tope zaidi ya lile la maegesho ya harusi, na mota ya transfa, ile inayoingiza gia ya chini, isipotumika hukwama. Utaigundua siku umenasa Magadi.

Niulizeni.

Njeri_K:

Asante sana fundi. Mimi nafuatilia Discovery 4 ya 2014, dizeli ya 3.0. Kila nikimtajia mtu ananiambia krankishafti, ile shafti kuu ya injini, hukatika. Ni kweli ama ni maneno ya wapenzi wa Toyota?

Mwana_Kabete:

Ni kweli dada Njeri, na sitakudanganya kwamba kuna mtu anayeweza kukuhakikishia haitatokea. Injini hizo za dizeli, TDV6 na SDV6, za 2.7 na za 3.0, zina historia ya beringi za krankishafti kuzunguka mahali pake na shafti kukatika. Hazikatiki zote, nyingi zinatembea vizuri. Kinachopunguza hatari ni oili. Ratiba ya Uingereza iliruhusu zaidi ya kilomita 20,000 kabla ya kubadilisha. Kwa foleni zetu na vumbi letu, hiyo ni mbali mno. Aliyekuwa akibadilisha kila 8,000 ama 10,000, kwa oili sahihi, ndiye unayemtafuta.

Fanya hivi. Omba kumwaga oili na kufungua filta kwa gharama yako. Fundi aikate filta, aitandaze karatasi yake juani. Vipande vinavyometameta ni chuma cha beringi, na gari hilo ni la kuachwa. Muuzaji mwaminifu hukubali, kwa sababu analipiwa huduma ya bure.

Uliza pia mikanda ya taimingi. Nasema mikanda kwa sababu iko miwili, wa mbele, na mdogo wa nyuma unaoendesha pampu ya dizeli. Wengi hubadilisha wa mbele tu kwa kuwa wa nyuma ni mgumu kufikia. Kwa gari la 2014, yote miwili inapaswa kuwa imeshabadilishwa kwa umri peke yake. Na ukiwa chini ya gari, tazama boliti zinazoshikilia bodi kwenye fremu. Kazi kubwa kama tabo mara nyingi hufanywa kwa kuinua bodi yote, kwa hiyo boliti zenye mikwaruzo mipya ya spana zinakwambia kuna kazi kubwa ilifanyika. Si ubaya, ila aonyeshe risiti.

Otis_Ruaka:

Wakuu, mnajitesa bure. Nunua Prado 150 ama Land Cruiser V8, mambo yaishe. Spea ziko Kirinyaga Road kila duka.

Mwana_Kabete:

Ndugu Otis, kwa spea nakubaliana nawe kabisa. Mtu anayesafiri Marsabit kila mwezi, mimi mwenyewe namwambia achukue Land Cruiser. Lakini jina la Toyota ndilo linalowafanya watu wasikague, na wauzaji wanalijua hilo.

Prado ni kati ya magari ambayo mita zake hurudishwa nyuma sana, kwa kuwa watu hununua kilomita. Likitoka Japani, dai karatasi ya mnada. Gredi ya 4 na 4.5 ni gari zuri, R ama RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, XX juu ya mlango ama fenda ina maana hicho kipande kilishabadilishwa. Linganisha kilomita za mnada, za cheti cha kusafirisha nje cha Japani na za dashibodi. Kisha tazama usukani, pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva. Ngozi iliyopasuka na pedali iliyolika haviendi pamoja na kilomita 60,000.

Kwa injini za dizeli za Prado, 1KD ya 3.0 sikiliza nozeli injini ikiwa baridi, kugonga kwa nguvu ni dalili ya kazi ghali. 1GD ya 2.8 ina filta ya masizi kwenye ekzosi, na gari la kwenda Westlands na kurudi halipati mwendo wa kuichoma. Uliza kama filta bado iko ama ilitobolewa. Lenye KDSS, mfumo wa Toyota wa kuzuia gari kulala kwenye kona, lisimame tambarare ulitazame kwa nyuma. Likiinama upande mmoja, hidroliki ya vile vyuma vya kuzuia mlalo ina shida.

LX570 nayo haitumii hewa, inatumia mafuta ya hidroliki na matufe ya gesi. Tazama kiwango cha mafuta kwenye tangi lake gari likiwa juu, ulishushe, utazame tena. Kiwango kinapaswa kupanda vizuri. Kisiposogea sana, matufe yamechoka, na gari litaruka ruka kila tuta la Lang'ata.

Hassan_Southlands:

Naongeza kwa wanaotazama gari la kutoka Uingereza. Mwombe muuzaji namba ya zamani ya huko, iko kwenye karatasi zilizokuja nalo. Iandike kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza ya historia ya MOT, ukaguzi wao wa magari wa kila mwaka. Ni bure. Inakuonyesha kilomita za kila ukaguzi, kwa maili lakini, na kila kilichofeli. Kuna moja nililoletewa kama gari la mwanamke mzee, kumbe lilifeli kwa kutu na bushi mwaka baada ya mwaka.

Mwana_Kabete:

Hassan, shukran, hilo ni la dhahabu. Wadau zingatieni kwamba gari la huko huanza ukaguzi likifikisha miaka mitatu, kwa hiyo likiwa changa huenda msipate kitu. Na hiyo kutu aliyoitaja inatokana na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Chini ya gari paking'aa kwa rangi nyeusi mpya kabisa, gonga kwa bisibisi usikilize. Rangi mpya chini ya gari la miaka kumi inapakwa na mtu anayeficha.

Hapo hapo, kuna fundi wengi wanaotembea na sumaku kutafuta puti. Range Rover kubwa ya kuanzia 2012 na Sport ya kuanzia 2013 zina bodi ya aluminiamu. Sumaku haishiki popote, kwa hiyo haikwambii lolote. Tumia kipimo cha unene wa rangi. Aluminiamu hii hufungwa kwa riveti na gundi, na si kila gereji mjini inajua kuirudisha.

Achieng_Syokimau:

Baba, na gari lililozama? Baada ya mafuriko ya 2024 niliona magari yamefunikwa hadi kwenye madirisha huku kwetu. Yako wapi sasa?

Mwana_Kabete:

Dada Achieng, mengine yamekaushwa, yakaoshwa, yako sokoni. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa. Watu huosha sehemu inayoonekana, ile iliyojikunja ndani ya nguzo hubaki na mstari wa tope, kahawia upande mmoja, safi upande wa pili. Inua zulia la miguu na gurudumu la akiba. Nusa gari likiwa limefungwa vioo juani kwa saa moja. Tazama skrubu za reli za viti kama zina kutu.

Lakini unyevu kwenye zulia pia unaweza kutoka juu. Disco na Range zenye sanrufu zina mifereji inayoziba kwa majani na vumbi, maji yakaingia ndani hadi kwenye nyaya. Mwaga kikombe cha maji kwenye mfereji wa sanrufu, uone kama yanatoka chini karibu na gurudumu.

Mzee_Baraka:

Vijana, nami nina neno. Magari mazuri zaidi niliyowahi kununua yalitoka kwa watu wa ubalozi na wa UN pale Gigiri. Huduma kwa wakati, faili kamili.

Mwana_Kabete:

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, na wewe unalijua lingine: mengi ya hayo yaliingia bila ushuru. Anayenunua bila msamaha huo ni lazima ushuru ulipwe KRA kwanza na namba ibadilishwe ndipo umiliki uhamishwe. Msikubali kulipa bei yote kwa ahadi kwamba "hiyo tutamaliza baadaye".

Na la vioo, kwa kuwa tuko Nairobi. Wengi huchora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa kwa sababu ya wezi. Isome. Namba ikiwa ya gari lingine, kioo kilinunuliwa Grogan, kwenye spea za mtumba, na aliyekinunua alikuwa na sababu ya kukosa cha kwanza. Uliza kama kuliibwa ama kuligongwa.

Njeri_K:

Fundi, nimerudi. Nimeiona ile Disco jana na leo. Karatasi ziko sawa, jina ni moja, hakuna mkopo. Boneti ilikuwa baridi. Kona ya nyuma kushoto ilishuka sentimita tatu usiku kucha, nyingine hazikusogea. Muuzaji alikuja na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gari kusoma makosa ya kompyuta, kikasema hakuna kosa hata moja. Ana risiti za oili, nimehesabu, zinapishana kilomita 9,000 hivi. Mkanda wa mbele una risiti, wa nyuma hana. Amepunguza bei kidogo.

Mwana_Kabete:

Umefanya kazi nzuri sana dada. Kona moja kushuka hivyo ni mpira ama kiungo cha bomba la hewa. Nyunyizia maji ya sabuni hapo gari likiwa juu, povu litakuonyesha. Hilo ni la kutengenezeka, mradi kompresa haijachoka.

Kile kifaa kidogo usikiamini. Hakisomi kompyuta za sispensheni, za transfa wala za breki ya mkono. Tafuta fundi mwenye mashine ya Land Rover, mfano GAP ama ile ya kiwandani. Mwambie asome mambo mawili: umbali uliotembewa tangu makosa yafutwe, na kilomita zilizohifadhiwa kwenye kompyuta tofauti tofauti. Makosa yakiwa yalifutwa kilomita kumi zilizopita, "hakuna kosa" haina maana yoyote. Kilomita za kompyuta zikitofautiana na za dashibodi, ondoka.

Risiti za oili zinazopishana 9,000 zimenifurahisha kuliko punguzo la bei. Mkanda wa nyuma uhesabu kama haujabadilishwa, ukate gharama yake na ya mpira kwenye bei, na juu ya hapo baki na angalau robo ya bei ya gari mkononi kwa mwaka wa kwanza. Kama hiyo robo haipo, subiri.

Sasa mwombe gari liinuliwe kwa lifti ya gereji ulione chini, na filta ya oili ifunguliwe. Tafuta gereji yako wewe, si ya rafiki yake.

Njeri_K:

Filta amekubali. Lifti amesema hana muda hadi wiki ijayo, na kwamba kuna mteja mwingine anakuja kesho na pesa taslimu.

Mwana_Kabete:

Huyo mteja wa kesho yupo kwenye kila yadi ya Nairobi. Mwambie utasubiri wiki ijayo, na usiache amana.